Utafiti Uingie Kwenye Kifungu: Mwongozo Kamili wa Kupeleka Ushahidi Kwenye Mswada wa Pombe

Tangazo la kuwaalika wananchi watoe maoni juu ya mswada wa pombe hutokea gazetini, na mara nyingi huacha siku chache tu kabla ya muda kwisha. Katika siku hizo ofisi ya karani wa bunge hupokea marundo mawili. La kwanza ni la uchungu: barua za akina mama waliozika wana wao, za wachungaji na maimamu, za machifu waliochoka. La pili ni la wasomi: ripoti za kurasa mia moja zenye majedwali, zikisindikizwa na barua fupi isemayo "tafadhali zingatieni". Marundo yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili huishia kabatini kwa kuwa hayasemi ni kifungu gani kibadilishwe, wala kikibadilishwa kisomekeje.

Rundo la tatu ni dogo. Hutoka kwa wakili wa wenye viwanda: ukurasa mmoja na nusu, namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno yanayopendekezwa, sababu mbili. Hilo husomwa.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya vijana, wahudumu wa afya wa jamii, walimu, watafiti na yeyote anayetaka ushahidi wake usomwe kama lile rundo la tatu. Mifano mingi ni ya Kenya, kwa kuwa huko ngazi za kutunga sheria ya pombe ni nyingi na zimewekwa wazi. Tanzania, Brazil na Scotland zitaingia pale zenye la kutufunza.

Hatua ya 1: Jua ni sheria gani hasa inayoguswa

Pombe nchini Kenya haina sheria moja. Kuna Sheria ya Kudhibiti Vileo, namba 4 ya 2010, ambayo watu wengi bado wanaiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, mbunge wa Naivasha wa wakati huo aliyeuleta mswada wake. Kuna Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015, ambayo viwango vyake huguswa mara kwa mara kupitia Mswada wa Fedha. Kuna sheria za kaunti, maana Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Kuna viwango vya ubora vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kanuni zinazotungwa na mawaziri. Juu ya zote kuna sera, na sera si sheria.

Tofauti hiyo ya mwisho huwapoteza wengi. Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kitaifa ya pombe na dawa za kulevya, na ndani yake kulikuwa na pendekezo la kupandisha umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21. Mitandao ilichemka kana kwamba kesho yake askari wangeanza kukagua vitambulisho. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ikalazimika kufafanua kwamba sera inaonyesha mwelekeo tu, na sheria itabaki ilivyo hadi Bunge liibadilishe. Aliyekuwa na ushahidi mzuri kuhusu umri wa kuanza kunywa alikuwa na muda wa kutosha wa kujiandaa, ila wengi waliutumia kubishana.

Kwa hiyo kabla ya kufungua utafiti wowote, jibu swali hili: jambo ninalolitaka linaamuliwa wapi? Kodi huamuliwa katika Mswada wa Fedha, ambao hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili na huwa umekamilika kabla mwezi wa Juni haujaisha. Usijaribu kuipenyeza kodi ndani ya mswada wa mbunge binafsi, kwa sababu Ibara ya 114 ya Katiba imeweka utaratibu wake maalumu wa miswada ya fedha. Idadi ya baa mtaani na utoaji wa leseni ni kazi ya bunge la kaunti. Umri, matangazo na maonyo kwenye chupa yako katika sheria ya kitaifa. Kama ni kanuni ya waziri, Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inadai wadau wahusishwe, na kanuni zenye gharama kubwa kwa jamii ziandaliwe pamoja na taarifa ya athari zake. Iombe taarifa hiyo na uisome, kwa kuwa ndimo ofisi yenyewe inapotaja ushahidi ilioutegemea, au ukosefu wake.

Tanzania ina mfano mzuri wa sheria isiyotarajiwa. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza Februari 2017 kwamba viroba, yaani vifuko vidogo vya pombe kali, vingepigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi, kanuni zilizotumika zilitoka chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Vifuko vile vya plastiki vilikuwa takataka kila kituo cha daladala, na hoja hiyo iliungana na ile ya vijana na wanafunzi waliovificha mifukoni. Mwenye takwimu za magonjwa ya ini peke yake angekuwa na nusu tu ya ushahidi uliohitajika.

Hatua ya 2: Geuza kila kifungu kiwe madai matatu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi huruka. Chukua mswada, kalamu na daftari. Kila kifungu cha kudhibiti pombe, hata kiandikwe kwa lugha kavu namna gani, kina madai matatu ndani yake: dai la sababu, dai la kipimo na dai la utekelezaji.

Tazama sharti la sheria ya 2010 kwamba baa isipewe leseni ikiwa ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Dai la sababu ni kwamba baa ikiwa karibu na shule, watoto hudhurika. Dai la kipimo ni kwamba mita 300 zinatosha, na kwamba 100 ni chache au 500 ni nyingi mno. Dai la utekelezaji ni kwamba kuna mtu atakayepima, anajua aanzie kwenye lango au kwenye ua, na ana ujasiri wa kumnyima leseni mwenye baa aliyekuwepo kabla shule haijajengwa.

Utafiti kwa kawaida hujibu dai la kwanza. La pili hulijibu kwa nadra sana: hakuna mwanasayansi aliyegundua kwamba madhara huanza kwenye mita ya 299. Namba ile ni uamuzi wa watunga sheria, na si aibu kusema hivyo. La tatu hujulikana na watu wa pale pale: mwalimu mkuu, afisa wa leseni, mwenye baa mwenyewe. Ushahidi unaokataliwa kwenye kamati mara nyingi ni ule wa dai la kwanza uliolazimishwa kujibu la pili. Mtafiti anaulizwa "kwa nini 300?" naye anaanza kueleza tena madhara ya pombe kwa ubongo wa mtoto, na hapo Mwenyekiti anatazama saa.

Fanya hivyo kwa kila kifungu, hata vile unavyoviunga mkono. Sheria hiyo hiyo iliweka saa za baa: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa wiki na sikukuu. Hicho ni kipimo. Sababu yake ina ushahidi mzito, kama tutakavyoona. Utekelezaji wake kila mkazi wa mji anaujua: pazia hushushwa, muziki hupunguzwa, na wateja hubaki ndani.

Hatua ya 3: Tafuta utafiti unaojibu dai lako, si mada yako

Ukitafuta "madhara ya pombe" utazama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pombe ilihusika na vifo milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Ni kweli zote mbili, na hazikusaidii hata chembe kwenye kifungu cha saa za kufunga. Kamati haina mgogoro na wazo kwamba pombe inadhuru. Inataka kujua kama kifungu hiki kitapunguza madhara hayo.

Bei ndiyo yenye ushahidi mwingi kuliko yote. Uchambuzi uliochapishwa 2009 ulikusanya tafiti 112 na kukuta kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, unywaji hupungua kwa takriban asilimia 5 kwa wastani. Bia hupungua kwa takriban asilimia 4.6, pombe kali kama asilimia 8. Nyingi ya tafiti hizo zilifanywa katika nchi tajiri, jambo tutakalolirudia.

Saa za mauzo zina mfano ninaoupenda, kwa kuwa ulitoka mji maskini. Diadema, katika jimbo la São Paulo, ulikuwa miongoni mwa miji yenye mauaji mengi kuliko yote Brazil. Takwimu za polisi zilionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya mauaji yalitokea kati ya saa tano usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mengi yakiwa karibu na baa. Julai 2002 mji ukapiga marufuku kuuza pombe baani katika saa hizo hizo. Watafiti walilinganisha miaka ya kabla na baada, wakakadiria kwamba mauaji yalipungua kwa karibu tisa kila mwezi, yaani upungufu wa asilimia 44. Ona mpangilio wake: takwimu za hapo hapo zilionyesha saa, saa zikaingia kwenye sheria, takwimu zile zile zikapima matokeo. Norway nayo, katika miji 18 iliyobadilisha saa za kufunga kwa kiasi kidogo, kila saa moja ya nyongeza iliendana na ongezeko la takriban asilimia 16 la matukio ya kupigana usiku wa mwisho wa wiki.

Matangazo na udhamini wa michezo vina ushahidi wa wastani: vijana wanaoyaona zaidi huelekea kuanza mapema na kunywa zaidi, ingawa si rahisi kuitenga athari ya tangazo moja. Maonyo kwenye chupa huongeza ufahamu kuliko yanavyobadilisha tabia. Elimu shuleni peke yake ina matokeo hafifu, na hapa nitasema wazi: pale mswada unapojaa "uhamasishaji" na kuacha bei, saa na matangazo bila kuguswa, uliza nani aliyeridhika na mpangilio huo.

Shirika la Afya Duniani limefupisha haya katika mpango wake wa SAFER wa 2018. Kuutaja kunasaidia, lakini usiutegemee peke yake. Mbunge hukubali kwa shida hoja ya "Geneva wamesema".

Hatua ya 4: Ihoji namba kabla ya kuibeba

Scotland ilipitisha 2012 sheria ya bei ya chini kabisa kwa kila kipimo cha kileo (mililita 10 za kileo safi). Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walikuwa wamekwisha kukadiria kwa hesabu nani angepunguza kunywa na kwa kiasi gani. Chama cha watengenezaji wa wiski kikaenda mahakamani, na kesi ikadumu hadi Novemba 2017, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua kwamba sheria hiyo ni halali. Ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2018, kwa peni 50 kwa kipimo.

Tathmini ya 2023 ilisema vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe vilipungua kwa asilimia 13.4. Sasa tazama namba nyingine: mwaka 2017 vifo vya namna hiyo Scotland vilikuwa 1,120, na mwaka 2022 vilikuwa 1,276. Mpinzani wako atazisoma hizo mbili kwa sauti na kukaa chini. Utajibuje?

Jibu ni kwamba asilimia 13.4 ni tofauti kati ya kilichotokea na kile ambacho kingetokea bila sheria, ikikadiriwa kwa kulinganisha na England, ambako sheria haikuwepo. Janga la korona lilipandisha vifo vya pombe pande zote mbili za mpaka. Kuilinganisha nchi na jana yake peke yake hakutoshi, kwa hiyo tafuta daima mahali pa kulinganishia. Tathmini hiyo hiyo ilikiri pia kwamba ushahidi kuhusu waraibu wenyewe ulikuwa dhaifu, na kwamba baadhi yao wenye kipato kidogo walipunguza matumizi mengine ili wanunue pombe. Itaje sehemu hiyo wewe mwenyewe kabla hajaitaja mwingine.

Kwa kila utafiti unaotaka kuubeba, andika pembeni: ulifanyika wapi na lini, ulilinganishwa na nini, asilimia hiyo ni ya kitu gani, na watafiti wenyewe wanasema hawajui nini. Ukikosa jibu la pili, punguza sauti ya dai lako. Upungufu wa asilimia 50 wa matukio mawili ni tukio moja.

Hatua ya 5: Ulete ushahidi nyumbani

Swali la kwanza la mbunge wa Kenya kuhusu Scotland litakuwa chang'aa, pombe kali ya kienyeji, na ni swali halali. Tafiti za bei za Ulaya zilifanywa mahali ambapo mnywaji akishindwa na bei hana mama pima, muuza chang'aa, nyuma ya nyumba. Kwetu yupo.

Historia ya bia ya pipa inafundisha hapa kuliko utafiti wowote wa nje. Mwaka 2004 kampuni ya bia ya EABL ilianza kuuza bia ya pipa iitwayo Senator kwa nafuu ya ushuru wa serikali, kwa hoja kwamba mnywaji wa kipato cha chini apate kinywaji salama badala ya pombe haramu. Mwaka 2013 serikali ilipunguza nafuu hiyo kwa nusu. Bei ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya. Mei 2014 makumi ya watu wakafa kwa pombe yenye methanoli, kemikali ya viwandani yenye sumu, katika Embu, Kiambu, Makueni na kwingineko. Mwaka huo huo serikali ikairudisha sehemu kubwa ya nafuu.

Wenye viwanda huusimulia mfuatano huo kama ushahidi kamili: kodi juu, watu wanakufa. Lakini mfuatano si sababu. Waliokufa Mei 2014 waliuawa na methanoli iliyoingizwa kwenye mkondo wa pombe, tatizo lililokuwepo kabla ya 2013 na lililorudi baadaye bila mabadiliko ya kodi ya namna hiyo. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga, na uchunguzi ukageukia madai kwamba pombe ile ilitoka miongoni mwa vielelezo vilivyokuwa kituoni mwa polisi. Hata hivyo usiitupe hoja yao yote. Kuanguka kwa mauzo ya Senator ni ushahidi kwamba wanywaji wa kipato cha chini huitikia bei kwa nguvu. Kisichojulikana ni wangapi walipunguza na wangapi walihamia kwingine. Mtu mwaminifu atapendekeza kodi iandamane na udhibiti wa methanoli ya viwandani, na apendekeze pia kwamba unywaji usio rasmi upimwe kabla na baada. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takriban robo ya pombe yote inayonywewa duniani haimo kwenye rekodi za serikali, kwa hiyo takwimu za ushuru peke yake zitakudanganya.

Tukiwa bado kwenye kodi, fanya hesabu hii mwenyewe, maana inashika kuliko grafu. Tangu mwisho wa Desemba 2024 Kenya ilihamia kutoza ushuru kwa kila sentilita ya kileo safi: shilingi 22.50 kwa bia, shilingi 10 kwa pombe kali. (Hakikisha viwango havijabadilishwa siku unapoandika.) Bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina sentilita 2.5 za kileo safi, hivyo ushuru ni shilingi 56.25. Chupa ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 40 ina sentilita 10, hivyo ushuru ni shilingi 100. Chupa ile ndogo ina kileo mara nne ya bia, na ushuru wake haufiki hata mara mbili. Serikali ina sababu yake, hofu ya kuwasukuma watu kwenye chang'aa. Lakini mbunge akiiona hesabu hiyo kwenye mstari mmoja, ataelewa papo hapo kwa nini chupa ndogo ya pombe kali ndiyo kimbilio la kijana asiye na kitu.

Takwimu za ndani zipo kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulikuta kwamba Mkenya mmoja kati ya wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe wakati huo, yaani asilimia 12.2. Kuna utafiti wa STEPS wa 2015 juu ya magonjwa yasiyoambukiza. Kuna daftari la matukio kituoni, rejista ya majeruhi hospitalini, orodha ya leseni kwenye ofisi ya kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako ndani ya siku 21, kwa hiyo liandike mapema, kabla hata mswada haujachapishwa. Omba jumla za kila mwezi na saa za matukio. Majina ya watu huyahitaji na usiyaombe.

Hatua ya 6: Uliza nani alilipa

Mwaka 2010 jarida la kitaalamu la Addiction lilichapisha uchambuzi wa rasimu za sera za pombe za nchi nne: Lesotho, Malawi, Uganda na Botswana. Rasimu zilifanana karibu neno kwa neno. Waandishi walifuatilia chanzo hadi kwa mradi uliogharamiwa na tasnia ya pombe, na jina la mwandishi lililobaki ndani ya faili la kompyuta lilikuwa la mtu wa kampuni ya bia ya SABMiller. Rasimu hizo zilijaa elimu, unywaji wa kistaarabu na ushirikiano na wadau. Bei na upatikanaji vilitajwa kwa uvivu.

Basi kila ripoti inayowekwa mezani, soma ukurasa wa shukrani na wa ufadhili kabla ya muhtasari. Mfadhili kuwa mwenye kiwanda hakumaanishi namba ni ya uongo, ila kunamaanisha uitafute namba hiyo hiyo kwingine. Fanya vivyo hivyo kwa upande wako, maana hata mashirika ya kupinga pombe hukuza takwimu. Na kumbuka kwamba serikali ya kaunti inayotoa leseni ndiyo inayokusanya ada zake, kwa hiyo nayo si refa asiye na timu.

Wenye baa wasidharauliwe. Mama mwenye baa ndogo ndiye ajuaye ni saa ngapi ugomvi huanza na ni askari gani hupita kila Ijumaa kuchukua chake. Mkaribishe kwenye kikao chako kabla hamjakutana mbele ya kamati.

Hatua ya 7: Andika waraka wa kurasa zisizozidi tatu

Ukurasa wa kwanza ueleze ninyi ni nani, mko wapi, mnafadhiliwa na nani. Kisha kifungu kimoja baada ya kingine. Huu hapa mfano wa kubuni, kwa mswada wa kaunti usiokuwepo:

*Kifungu cha 14(2). Kinasomeka: "Baa yenye leseni ya jumla itauza hadi saa nane usiku." Tunapendekeza kisomeke: "Baa yenye leseni ya jumla itauza hadi saa tano usiku, na afisa wa leseni atachapisha kila robo mwaka idadi ya ukiukaji." Sababu: rejista ya majeruhi ya hospitali ya kaunti ndogo inaonyesha kwamba majeruhi wengi wa kupigwa hufika kati ya saa sita na saa kumi usiku. Katika mji wa Diadema, Brazil, kufunga saa tano kulifuatiwa na upungufu mkubwa wa mauaji. Nchini Norway kila saa ya nyongeza iliendana na ongezeko la ugomvi. Tusichoweza kukithibitisha: ni kiasi gani cha unywaji kitahamia majumbani.*

Maneno mengi kuliko hayo kwa kifungu kimoja ni ya kiambatisho. Sentensi ya mwisho isifutwe hata mwenzako akisema inaonyesha udhaifu. Wanakamati husikia watu wenye uhakika kuanzia asubuhi hadi jioni, na yule anayesema mpaka wa ujuzi wake ndiye wanayemuuliza maswali.

Waraka uwe kwa Kiswahili ukitaka. Ibara ya 120 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Upeleke kwa karani kwa anwani iliyo kwenye tangazo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 8: Mbele ya kamati

Utapewa dakika chache. Baada ya "Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wanakamati", taja namba ya kifungu papo hapo. Usianze na historia ya ulevi tangu ukoloni. Mpe mwathiriwa mmoja nafasi ya kusema kwa dakika mbili, kisha wewe useme namba. Simulizi huonyesha tatizo lina sura gani, na takwimu huonyesha limeenea kiasi gani.

Jiandae kwa maswali matatu yasiyokosekana: ajira zitakazopotea, mapato ya serikali, na pombe haramu. Kwa mapato, kumbuka kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10 na unywaji kushuka kwa asilimia 5, mauzo hayashuki kwa kiwango cha kuikausha hazina. Kwa ajira, usiseme hazitapotea. Sema zipi, na fedha ambazo hazikunywewa hutumika wapi. Ukiulizwa usilolijua, ahidi kuleta maandishi ndani ya siku mbili na uyalete kweli. Makarani hukumbuka.

Hakikisha ushahidi wako umeingia kwenye ripoti ya kamati. Sheria ikipingwa mahakamani, hoja itakuwa kama kizuizi kinalingana na lengo, na kama wananchi walisikilizwa. Scotland ilisimama kwa miaka mitano ya kesi kwa kuwa hesabu za Sheffield zilikuwa mezani tangu mwanzo.

Hatua ya 9: Anza kuhesabu kabla sheria haijaanza

Sheria ya Scotland iliwekewa kikomo: baada ya miaka sita ingekufa yenyewe, isipokuwa Bunge lingepiga kura iendelee. Hilo liliwalazimu wote kupima. Aprili 2024 wabunge, wakiwa na tathmini mkononi, waliamua iendelee, na tarehe 30 Septemba bei ikapandishwa hadi peni 65. Pendekeza kifungu cha namna hiyo, chenye jina la ofisi itakayopima, fungu la fedha na tarehe ya ripoti.

Kisipokubaliwa, fanya kidogo chako. Chagua kituo kimoja cha afya, na wadi jirani ambayo sheria ya kaunti yako haiifikii iwe ya kulinganishia. Kubaliana na msimamizi wa rejista mambo mawili ya kuandikwa kwa kila majeruhi: saa aliyofika, na kama alikuwa amekunywa. Kusanya angalau miezi kumi na miwili kabla ya tarehe ya kuanza. Bila miezi hiyo, hata sheria iliyofanya kazi haitakuwa na namna ya kuonyesha kwamba ilifanya kazi, na mswada wa kuifuta ukija utakukuta na barua za uchungu tu mkononi.